Kupangisha Nyumba kwa Haki na kwa Faida: Somo kwa Wenye Nyumba wa Kata ya Kinyangiri

Katika Kata ya Kinyangiri, kama ilivyo katika kata nyingine za Wilaya ya Mkalama, chumba cha kupangisha huwanufaisha watu wengi kuliko yule anayelala ndani yake. Mwalimu aliyepangiwa shule ya kijijini, mhudumu wa afya, mnunuzi wa alizeti na vitunguu anayekuja kwa msimu, na mwanafunzi ambaye kwao ni mbali na sekondari ya kata, wote huanza kwa kuuliza swali moja: nyumba ya kupanga inapatikana wapi? Mtumishi anayelala chini ya bati linalovuja, au anayekuta vyombo vyake vimetolewa nje bila taarifa, hachelewi kuandika barua ya kuomba uhamisho. Akiondoka, mwenye nyumba hupoteza kodi ya miezi michache, lakini kijiji hupoteza mwalimu wa hesabu au muuguzi wa zamu ya usiku.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wenye nyumba wanaopangisha chumba kimoja, viwili au nyumba nzima. Limejengwa juu ya msingi mmoja: ugomvi mwingi wa pango hauanzi siku mpangaji anaposhindwa kulipa. Huanza siku anapokabidhiwa ufunguo, kwa sababu ya jambo ambalo halikusemwa au halikuandikwa. Mwenye nyumba anayetumia saa moja siku hiyo ya kwanza kuweka mambo sawa hujiepusha na miezi ya kwenda na kurudi barazani.

Sheria inasemaje

Hapo zamani kiwango cha kodi ya nyumba nchini kilidhibitiwa na sheria. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi kimeachwa kwenye makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Wapo wanaodhani kwamba kufutwa kwa sheria hiyo kulimwachia mwenye nyumba uhuru wa kufanya apendavyo. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ina sehemu nzima inayohusu upangaji, na humo zimewekwa haki na wajibu wa kila upande, hata pale ambapo wahusika hawakuandikiana chochote. Ardhi ya kijiji huongozwa pia na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Kwa hiyo ofisi ya kijiji haipaswi kurukwa katika makubaliano ya upangaji.

Chini ya Sheria ya Ardhi, upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo ni halali. Tatizo lake ni ushahidi. Maneno ya mwezi Januari, yakikumbukwa mwezi Septemba, kila mtu huyakumbuka kwa namna inayompendelea.

Kabla ya kumpokea mpangaji

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba anayepangisha ana mamlaka ya kufanya hivyo. Nyumba ambayo ni makazi ya wanandoa haiwezi kupangishwa na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake. Ndivyo inavyoelekeza Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 katika kifungu cha 59. Aidha, nyumba ya marehemu isipangishwe na ndugu yeyote aliyewahi kushika ufunguo, bali na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa. Mpangaji aliyelipa kodi kwa mtu asiyestahili hujikuta akidaiwa mara ya pili, na familia hugawanyika kwa fedha ambazo tayari zimekwisha kutumika.

Jambo la pili ni hali ya nyumba. Nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kwa makazi ya binadamu tangu siku ya kwanza na kuendelea kufaa muda wote wa upangaji. Kwa mazingira ya Singida, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja kuanzia mwezi Novemba hadi Aprili, ukaguzi wa paa ufanyike mwezi Oktoba, kabla ya wingu la kwanza. Bati liliwe na kutu au misumari iliyolegea, ukuta wa tofali uliochimbwa na maji kwenye msingi, mlango usiofungika na dirisha lisilo na wavu ni mambo ya kurekebisha kabla ya kumwonyesha mtu chumba. Choo bora chenye sakafu inayosafishika, mlango na mahali pa kunawia mikono si hisani kwa mpangaji. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliwahimiza Watanzania wote kukihesabu choo kuwa sehemu ya nyumba yenyewe.

Jambo la tatu ni kumfahamu mpangaji. Mwenye nyumba aombe kitambulisho, aandike jina kamili, namba ya simu, mahali pa kazi au shughuli, na jina la ndugu wa karibu wa kujulishwa kunapotokea dharura. Kisha ampeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji ili aandikwe katika daftari la wakazi. Utambulisho huo humlinda mwenye nyumba endapo kutatokea uhalifu, na humlinda mpangaji, kwa kuwa majirani hujua kuwa ni mkazi na si mpita njia.

Jambo la nne ni bei. Chumba kinachokaa wazi miezi minne kwa kusubiri kodi kubwa kimepoteza theluthi moja ya mwaka. Wahenga walisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Vilevile, vipindi vya malipo vifuate namna mpangaji anavyopata kipato chake. Mtumishi hupokea mshahara kila mwezi; mkulima hupata fedha baada ya mavuno. Kumdai mkulima kodi ya miezi sita mwezi Februari, wakati ghala ni tupu na shamba linahitaji palizi, ni kujitafutia deni.

Mkataba wa maandishi

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa nyingi. Ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili kinachoeleweka inatosha, alimradi mambo yafuatayo yameandikwa:

1. Majina ya pande zote mbili, namba za vitambulisho na simu.
2. Maelezo ya kinachopangishwa: idadi ya vyumba, jiko, stoo, na sehemu zinazotumiwa kwa pamoja kama uwanja, choo na kisima.
3. Tarehe ya kuanza na ya kumalizika kwa upangaji.
4. Kiasi cha kodi, siku ya kulipa na njia ya kulipa.
5. Amana, kama ipo, na masharti ya kuirudisha.
6. Nani analipia umeme, maji na usafi, na kwa mgawanyo gani.
7. Nani anarekebisha nini.
8. Urefu wa notisi ya kusitisha mkataba kwa kila upande.
9. Utaratibu wa kupandisha kodi: itapitiwa lini, na mpangaji atajulishwa muda gani kabla.
10. Saini za pande zote na za mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande.

Nakala ziwe mbili, kila upande ubaki na yake. Mkataba wa pango hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi ya shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani shilingi 360,000 kwa mwaka, ushuru huo ni shilingi 3,600. Ni fedha kidogo, lakini mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa kielelezo mbele ya baraza au mahakama hadi ushuru ulipwe.

Pamoja na mkataba, iandikwe orodha ya makabidhiano: vioo vya madirisha vizima vingapi, kitasa kipya au cha zamani, taa ngapi zinawaka, ukuta umepakwa rangi au la. Pande zote zitie saini, na inapowezekana zipigwe picha kwa simu. Siku ya kuondoka, orodha hiyohiyo ndiyo itakayoamua kama amana inarudi yote. Mpangaji anawajibika kwa uharibifu alioufanya. Hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida unaoletwa na matumizi ya kila siku.

Daftari na stakabadhi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila malipo ya kodi yaandikiwe stakabadhi inayotaja tarehe, kiasi, jina la mlipaji na kipindi kinacholipiwa. Wengi siku hizi hulipana kwa simu na kuamini kuwa ujumbe wa muamala unatosha. Ujumbe huo ni ushahidi kwamba fedha zilitumwa, lakini hauelezi kama zilikuwa za mwezi Mei, za deni la Aprili au za kununulia umeme. Kwa hiyo, hata malipo ya simu yaingizwe kwenye daftari, na mpangaji aweke saini kando yake.

Daftari hilo liwe na ukurasa mmoja kwa kila mpangaji, na matengenezo yote yaandikwe humo pamoja na gharama zake. Mwishoni mwa mwaka mwenye nyumba ataona kwa macho yake kodi iliyoingia, fedha zilizotumika kwa bati, saruji na fundi, na faida halisi iliyobaki. Asiyeandika hudhani anapata faida kumbe anakula mtaji wa nyumba yake.

Umeme, maji na usafi

Mita moja ya LUKU inayotumiwa na wapangaji watatu ni chanzo cha ugomvi wa kila wiki. Mmoja ana taa na redio. Mwingine ana jokofu na pasi. Kugawa gharama sawa kwa sawa humwonea mwenye matumizi madogo. Njia bora ni kila mpangaji kuwa na mita yake ndogo ya kupimia. Pasipowezekana, wapangaji wakutane, waorodheshe vifaa vyao, wakubaliane mgawanyo na kuuandika. Ikumbukwe pia kwamba wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa umeme kwa bei nafuu. Familia tatu kwenye mita moja huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na wote hupoteza nafuu ambayo kila mmoja angeipata kwa mita yake.

Suala lingine ni kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kwa nyumba ya kawaida kiwango chake kimekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Mahali ambapo mita inakatwa kodi hiyo, mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwa mkono wake, ilhali ni kodi ya mwenye jengo. Haki ni kuihesabu. Katika miezi sita makato ni shilingi 9,000. Kama kodi ya pango ni shilingi 180,000 kwa kipindi hicho, mpangaji alipe shilingi 171,000, au mkataba ueleze waziwazi kwamba kiasi hicho kimekwisha kuzingatiwa katika bei.

Usafi wa uwanja na choo uwekewe zamu ya maandishi, ibandikwe mahali panapoonekana. Maji ya kisima au ya bomba yawe na utaratibu wa namna hiyohiyo, hasa wakati wa kiangazi.

Matengenezo na faragha

Nyumba inapopangishwa kwa vyumba, paa, kuta kuu, mifereji na sehemu za pamoja hubaki katika dhamana ya mwenye nyumba. Mpangaji hutunza ndani ya chumba chake na hutoa taarifa mapema anapoona kasoro. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bati moja lililopeperushwa na upepo leo ni kazi ya fundi ya nusu siku, likiachwa msimu mzima, maji hufika kwenye kuta na gharama huwa ya kujenga upya. Mwenye nyumba aweke muda wa kushughulikia kila taarifa, na asimkasirikie mpangaji anayetoa taarifa, kwa kuwa huyo ndiye anayemlindia mali.

Mpangaji aliyelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Chumba kilichopangishwa si stoo ya mwenye nyumba. Hata ukaguzi wa paa hufanywa kwa taarifa, mchana, na mpangaji akiwapo. Kubaki na ufunguo wa akiba na kuingia mpangaji akiwa kazini huvunja imani, na endapo kitu kitapotea, mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa wa kwanza.

Wapangaji wanafunzi

Wanafunzi wanaopanga vyumba karibu na shule wanahitaji uangalizi wa pekee. Mtoto wa chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba. Kwa hiyo mkataba usainiwe na mzazi au mlezi, naye ndiye alipe kodi. Mwenye nyumba awe na namba ya simu ya mzazi huyo na ya mwalimu mkuu wa shule. Wasichana na wavulana wasipangishwe chumba kimoja. Milango iwe na komeo la ndani linalofanya kazi. Choo kiwe karibu. Na kijulikane kwa wote kwamba watu wazima wasio ndugu hawaruhusiwi kuingia vyumbani humo.

Mwenye nyumba hachukui nafasi ya mzazi, lakini mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza kuona mtoto haendi shule, hana chakula au anatembelewa usiku. Ukimya katika hali hiyo una gharama kubwa. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Taarifa ya mapema kwa mzazi, shule au Mtendaji wa Kijiji inaweza kumwokoa mtoto kabla jambo halijafika huko.

Kodi inapochelewa

Kuchelewa kwa kodi kushughulikiwe kwa hatua. Siku chache baada ya tarehe ya malipo, mwenye nyumba azungumze na mpangaji faraghani na kusikiliza sababu. Mshahara uliochelewa au mgonjwa nyumbani si sawa na ukaidi. Wakikubaliana kulipa kwa awamu, tarehe na kiasi cha kila awamu viandikwe. Ahadi hiyo isipotimizwa, itolewe barua ya madai yenye tarehe, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba. Hapo ndipo hufuata notisi.

Pale ambapo mkataba haukutaja muda wala notisi, sheria huuchukulia upangaji huo kuwa wa vipindi, na kipindi chenyewe hupimwa kwa namna kodi inavyolipwa. Notisi haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi hicho, na inapaswa kuishia siku ya kulipa kodi. Tuseme kodi hulipwa kila tarehe 1 ya mwezi. Notisi ikikabidhiwa tarehe 10 Machi, mwezi mmoja hutimia tarehe 10 Aprili. Lakini kwa kuwa ni lazima iishie siku ya malipo, mpangaji ana haki ya kukaa hadi tarehe 1 Mei. Kanuni hiyo ina fundisho kwa wanaopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo bila kuandika chochote: wanaweza kujikuta wakidaiwa notisi ya miezi sita.

Kuna mambo ambayo mwenye nyumba asiyafanye kwa hali yoyote: kuezua bati, kung'oa mlango, kubadilisha kufuli, kukata umeme au kutoa vyombo nje. Vitendo hivyo haviharakishi malipo. Humgeuza mdai kuwa mdaiwa, kwani mpangaji anayedaiwa shilingi 60,000 anaweza kusimama barazani akidai fidia ya godoro lililolowa, simu iliyopotea na fedheha aliyopata.

Mgogoro ukishindikana

Mazungumzo yakishindikana, njia ipo. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba wakiwamo wanawake watatu, husuluhisha migogoro ngazi ya kijiji. Juu yake lipo Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mlalamikaji huenda nayo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu shauri lifikishwe kwenye Baraza la Kata bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda ngazi ya wilaya hata bila hati hiyo. Katika kila ngazi, mkataba, daftari, stakabadhi na nakala za barua ndizo zinazozungumza kwa sauti kubwa kuliko wenye mgogoro.

Maswali ya kujipima

1. Je, kila mpangaji ana mkataba wenye tarehe ya mwisho, na nakala yake anayo?
2. Je, mwenzi wa ndoa au warithi wameridhia nyumba kupangishwa?
3. Je, stakabadhi ya mwisho inaonyesha kodi imelipwa hadi lini?
4. Je, paa limekaguliwa kabla ya msimu wa mvua?
5. Je, wapangaji wote wameandikwa katika daftari la kitongoji?
6. Je, mzazi wa kila mpangaji mwanafunzi anafahamika na anapatikana kwa simu?
7. Endapo notisi itatolewa leo, itaishia tarehe ngapi?

Mwenye nyumba aliyejibu "ndiyo" kwa maswali sita na kutaja tarehe sahihi katika la saba anasimamia nyumba yake vizuri. Aliyekwama aanze na swali lililomkwamisha, na pale anapohitaji ufafanuzi afike ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata akiwa na mkataba na daftari lake mkononi.